Guo la Kijani, Kutoka Juu

Asubuhi ile niligombana na askari wa langoni kwa sababu ya simu. Kanuni ya kambi ilikuwa raia haingii na simu, na mimi nilikuwa raia, ingawa huo ulikuwa mwaka wangu wa tatu kufanya kazi humo. Kila siku niliitoa mfukoni, nikaitia kwenye sanduku la bati, nikapewa kibao chenye nambari. Siku hiyo nilimwambia mama yangu ni mgonjwa, yuko kijijini Mkokoni, homa haijashuka tangu Ijumaa, aniachie niingie nayo tu, nitaizima mlio. Akanitazama juu mpaka chini. "Mzee, kila mtu hapa ana mama," akasema. Nina hasira za karibu mimi, kila anijuaye atakwambia, lakini mwenye bunduki hujibiwa kimoyomoyo. Nikaitumbukiza simu sandukuni nikaingia.

Mimi ni fundi wa redio. Miaka mingi nilikuwa na kibanda mjini Amu, natengeneza redio na simu, mpaka kambi ilipotaka mtu wa kutunza redio zao, maana chumvi ya huku huzila vibaya. Wakaona pia nafaa kuwafasiria wazee wa Kibajuni wakija na malalamiko yao. Nikakubali. Watu walisema mengi. Mama ndiye aliyesema machache kuliko wote, na ndiyo yaliyouma: "Haya, kafanye kazi yako. Lakini usije ukaanza kututazama kama wao wanavyotutazama."

Nilipoanza, hema la amri lilikuwa mahali pa kusikiliza. Luteni alikuwa nje barabarani na magari yake, anasema anachokiona, na mkubwa wake ndani ya hema anasikiliza, anauliza, anaandika. Mwenye kuamua alikuwa yule aliyesimama kwenye vumbi. Kisha ikaja droni, kindege kisicho na rubani kinachotuma picha. Nitasema ukweli, siku za kwanza niliipenda. Fundi ni fundi. Lakini masikio yangu yamezoea redio, na haukupita mwezi nikasikia sauti zimebadilika. Sasa hema ndilo lililosema na luteni ndiye aliyesikiliza. Mtu aliyekuwa akisimamisha gari kwa sababu roho imemkataa, sasa alisimama juani akiuliza, "Afande, mbele ya kile kichaka kuna nini?" Kichaka chenyewe angeweza kukifikia kwa kutupa jiwe.

Wala picha haikuishia kwetu. Ilipanda juu, ikashuka Nairobi, kwenye chumba ambacho sijakiona, na humo mlikuwa na mkubwa ambaye sikumjua ila kwa sauti iliyotoka kwenye spika juu ya meza ya meja. Kwa hiyo kichaka kimoja kilikuwa na wakubwa watatu: luteni aliyekuwa karibu nacho, meja aliyekuwa hemani, na yule wa Nairobi. Na yule aliyekuwa mbali zaidi ndiye aliyekuwa na neno la mwisho.

Siku hiyo yapata saa tatu na nusu nilikuwa hemani nimefungua redio moja, nasafisha kutu kwenye swichi. Meja alikuwa amesimama nyuma ya koplo, mwanamke mwenye mikono mitulivu, ndiye aliyeirusha droni. Meja mwenyewe alikuwa mtu wa bara, mpole kwa kawaida yake, hajatimiza mwezi kwetu. Wiki mbili nyuma gari moja lilikuwa limelipuliwa kwenye barabara ileile, na nilimwona kwa macho yangu akiandika barua kwa wazazi wa askari waliokufa. Aliandika, akachana, akaandika tena. Tangu siku hiyo alikuwa halali vizuri.

Nilimsikia koplo akisema, "Afande, kuna kundi la wanaume. Wamebeba kitu kirefu, kimefunikwa. Wanapokezana mabegani." Sikuinua kichwa. Ukikaa kwenye hema lile muda mrefu, unajifunza kutoinua kichwa kwa kila jambo.

"Wangapi?"

"Thelathini hivi. Wanaume watupu. Kuna shimo limeshachimbwa, hatua chache kutoka barabarani. Wengine wako na majembe."

Meja alichukua redio akamsimamisha luteni. Luteni alikuwa na magari matatu, mita mia nane nyuma ya kona. Kisha koplo akasema, na safari hii sauti yake ilipanda, "Afande, wametuona. Wanafunika shimo."

Hapo niliinua kichwa.

Kwenye skrini nililiona guo la kijani. Watu wanne walikuwa wamelishika pembe zake wakalivuta juu ya shimo, na wengine wamelizunguka wamebanana bega kwa bega, na chini ya guo kulikuwa na watu wanainuka na kuinama, unaona kitambaa kikisukumwa na vichwa. Nilicheka, wallahi. Nilicheka kwa kupumua. Nikasema, "Afande, hao wanazika."

Meja hakugeuka. "Wanazika nini?"

"Mtu. Hiyo ni makaburini, makaburi ya zamani. Barabara yenu ilipochimbwa ilipita ubavuni mwake. Mawe yetu ni madogo, hayaonekani kutoka juu."

Spika ikakohoa. Mkubwa wa Nairobi alikuwa akituangalia muda wote, kama kawaida yake, na kama kawaida yake hakusema habari za asubuhi. "Meja, huyo anayeongea ni nani?"

"Mkalimani wetu, afande. Anasema ni mazishi."

"Mazishi gani hayana mwanamke hata mmoja? Jeneza liko wapi? Hema liko wapi, viti viko wapi? Kuna ripoti ya kifo chochote?"

"Hakuna, afande."

"Hao wamesikia ndege wakafunika shimo. Kando ya barabara ileile. Mzinga wako unafika hapo?"

"Unafika, afande."

"Basi utayarishe."

Nataka nieleweke: yule mtu hakuwa mwendawazimu. Kwao, mtu akifa, hukaa siku, huimbiwa, hujengewa turubai, na wanawake ndio wengi. Alichokiona kilikuwa wanaume thelathini, majembe, kitu kirefu, shimo na kifuniko. Nami ningezaliwa kwao labda ningeona hivyohivyo. Lakini wakati ule sikuwaza haya. Wakati ule nilitaka kuingiza mkono ndani ya spika nimkabe.

"Afande," nikamwambia meja, "guo hilo halikuwekwa kwa sababu ya ndege. Ni sitara. Maiti akiteremshwa kaburini hufunikwa asionekane. Akiwa mwanamume hawalishikilii sana. Hili limevutwa mpaka chini, kwa hivyo huyo ni mwanamke."

Niliyasema hayo kwa lengo la kumsaidia meja. Nilipoyasikia yakitoka mdomoni mwangu mwenyewe, ndipo nilipoitazama ile picha vizuri.

Pembe moja ya guo iliinuliwa na upepo. Mtu aliyekuwa ndani ya shimo alinyoosha mikono kupokea kitu, na mkono wake wa kulia haukunyooka. Ulikunjika kwenye kiwiko ukabaki hivyo, na alipokea kwa mkono wa kushoto. Ndugu yangu alianguka mnazini tukiwa wadogo, na mkono wake uliungwa vibaya. Tangu hapo haujanyooka hata siku moja.

Mwanamke hapokewi kaburini na mtu baki. Humpokea mumewe au maharimu zake, wale wasioweza kumuoa. Mke wa ndugu yangu alikuwa Amu kwa wazazi wake, na dada hatuna. Mkokoni nzima palikuwa na mwanamke mmoja tu ambaye ndugu yangu angeshuka kaburini kumpokea.

Nakumbuka nilikuwa nimeshika bisibisi na niliiweka mezani taratibu, isitoe sauti. Ilinijia nipige kelele: ni mama yangu huyo, na huyo ni ndugu yangu. Nikajiuliza wataisikiaje sauti hiyo. Kwa macho yao, mtu wa huku ambaye ndugu yake yuko kwenye lile shimo si shahidi tena. Anakuwa mmoja wao. Mkubwa wa Nairobi angesema mtoe huyo hemani, na nikitolewa hapo hapatakuwa na mtu wa kuwasemea. Basi nikaufunga mdomo wangu juu ya jambo hilo. Ni jambo gumu kuliko yote niliyowahi kufanya, na hakuna aliyeona nikilifanya.

Meja aligeuka sasa, akanitazama usoni. "Unawajua hao?"

"Siwajui, afande," nikasema. "Naijua kazi wanayoifanya."

Redio ikapiga mkwaruzo, sauti ya luteni ikaingia. "Afande, niruhusu niteremke nitembee mpaka hapo. Niko karibu. Nitawaona kwa macho yangu, nitawasalimia, nitarudi na jibu."

Kabla meja hajafungua kinywa, spika ikajibu. "Hapana. Hapo ndipo wanapotaka aje. Abaki kwenye gari."

Luteni alitii. Alikuwa dakika kumi kwa miguu kutoka kwa wale watu, angeweza kusikia Kurani ikisomwa angekaribia kidogo tu, na aliamriwa akae ndani ya gari na mtu aliyekuwa na kikombe cha chai Nairobi. Nilimhurumia. Aliwahi kuwa mtu wa kuamua.

"Meja," spika ikasema, "mzinga uko tayari?"

Mzinga ulikuwa tayari. Nilikuwa nimesikia watu wake nje ya hema wakisema tayari, na meja aliwasikia pia. Aliniangalia, akaangalia skrini, akafuta jasho la juu ya mdomo.

"Bado, afande. Kuna tatizo kidogo kwenye kitako chake. Wanarekebisha."

Koplo aliinua macho, akayarudisha kwenye kazi yake. Nairobi iliona kila kitu siku hiyo, iliona pindo la guo na kivuli cha jembe, isipokuwa mzinga wetu wenyewe. Meja aliinama mpaka kwangu akaninong'oneza, "Ongea. Niambie watafanya nini sasa, kabla hawajafanya. Ongea kwa sauti, asikie."

Nikaanza kusema. Nilisema mazishi ya mama yangu hatua kwa hatua, mbele ya wakati, kwa watu ambao hawakujua ni nani, na kila hatua ilibidi itimie.

"Kaburi limelala mashariki kwa magharibi," nikasema. "Tazameni mshale wa dira hapo pembeni. Kwetu kibla ni kaskazini, maiti analazwa kwa ubavu wa kulia, uso umeelekea huko. Sasa wamemlaza. Mtaona mbao zinapitishwa chini ya guo, fupifupi, moja moja. Ni za kumkinga na mchanga."

Tukangoja. Hakuna kilichotokea. Wale watu walibaki wamebanana, guo likapumua kwa upepo. Spika ikasema, "Sioni mbao." Nilijua kwa nini wanachelewa: walikuwa wakimfungua kamba za sanda, wakimwekea shavu lake kwenye udongo, na ndugu yangu kwa mkono ule mbovu ni mzito wa mafundo. Hiyo ingekuwa kazi yangu. Mimi ndiye mwenye vidole vya kufungua vitu vidogo.

Kisha ubao wa kwanza ukapita. Mtu aliyekuwa pembeni alimpa wa pili, wa pili akampa wa tatu, ukaingia chini ya guo. Ukafuata mwingine, na mwingine.

"Zikiisha, guo litatoka," nikasema. "Litakunjwa. Hawalitupi." Guo lilitoka, likakunjwa na watu wawili kwa adabu, na wale waliokuwa shimoni wakavutwa juu. Walikuwa watatu: ndugu yangu, mjomba wetu, na wa tatu jirani yetu aliyeshika nafasi yangu, alikuwa maharimu kwa kuwa mama alimnyonyesha utotoni.

"Sasa kila mmoja atainama, atachota mchanga kwa mkono. Mara tatu. Hesabuni."

Koplo alihesabu kwa sauti ndogo. Moja. Mbili. Tatu. Mtu akatoka, mwingine akaingia. Moja, mbili, tatu. Nje mtu alianza kusema mzinga uko tayari na mwingine akamnyamazisha.

"Sasa majembe. Wakimaliza watamwaga maji, kuanzia kichwani kuelekea miguuni, mashariki kwenda magharibi. Atakuwa na dumu." Majembe yaliingia, vumbi likapanda, kilima kikajengeka. Mtu akaja na dumu la manjano. Akaanzia mashariki.

"Ni wakulima tu wanamwagilia," Nairobi ikasema, lakini sauti ile haikuwa na nguvu ya mwanzo. Sijui kama ulikuwa mzaha.

"Sasa watakaa chini wote, watulie. Mmoja ataketi upande wa kichwa peke yake, atamsomea maiti talkini. Halafu watainua mikono."

Walikaa. Ukitazama kutoka juu, mtu akikaa huonekana mdogo sana. Mzee mmoja alisogea akaketi kichwani. Meja aliweka mkono wake juu ya kiti changu. Kisha mikono ikainuka, yote pamoja, thelathini na ushei, viganja vimetazama juu, vimetutazama sisi.

Nilisema amin. Nilisema chinichini, mikono yangu ikiwa chini ya meza, viganja juu. Kila walipotingisha vichwa nilisema amin. Ndiyo mazishi niliyopewa, nikayachukua.

"Sawa," spika ikasema. "Ni mazishi. Meja, magari yaendelee. Ndege iende kwenye daraja."

Koplo akageuza. Picha ikateleza kaskazini, makaburi yakatoka kwenye skrini mikono ikiwa bado juu. Niliinuka nusu, nikataka kusema ngoja kidogo, nikakaa. Ningesema ngoja kwa sababu gani?

Meja alinipigapiga bega. Alikuwa na machozi, mtu mzima yule. "Umeokoa watu leo, mzee. Ulijuaje kila kitu vile?"

"Sote twajua," nikamwambia. "Hamkutuuliza tu." Baadaye nilijuta kumjibu vile, kwa sababu yeye alikuwa amemdanganya mkubwa wake kwa ajili ya watu asiowajua, na pengine jambo hilo lingemfukuzisha kazi. Lakini ulimi wangu ndivyo ulivyo. Nikaomba ruhusa ya nusu siku, nikasema mama ni mgonjwa. Akaniruhusu.

Langoni nilirudisha kibao, nikapewa simu. Simu zilikuwa nyingi ambazo hazikupokewa, zote za ndugu yangu, ya mwanzo alfajiri nikiwa natia udhu, na simu iko chumba kingine, nami kwa haraka ya kazi sikuitazama tena. Za baadaye zililia ndani ya bati. Askari akaniuliza vipi mama. Nikamwambia amepumzika.

Nilifika Mkokoni alasiri. Sikupita nyumbani kwanza, nilikwenda moja kwa moja makaburini. Ndugu yangu alikuwapo peke yake, amechuchumaa, anamwagia maji tena kilima kilichokuwa kimeanza kukauka, na mkono wake umekunjika vilevile. Nilikaa upande wa pili wa kaburi. Hakuniangalia.

"Ulikuwa wapi we?" akasema. "Nimekupigia mpaka betri ikafa. Hukuya. Wamengoja, wazee wakasema maiti hangojwi."

"Nilikuwa kazini."

"Kazini." Alilitema lile neno. "Hao wa kazini kwako walikuya hapa. Lidude lao likaganda juu ya kaburi, lavuma, hata talkini haisikiki. Twamteremsha mama, uchi wa sanda, nalo liko juu latazama. Niliona haya, wallahi. Niliona haya kwa ajili yake."

Nilitaka kumwambia kwamba guo lilitosha, kwamba hakuna aliyemwona. Lakini ili niseme hivyo ilibidi niseme nilikuwa wapi.

"Shee alipofika kwenye dua," akaendelea, "aliinua uso akaangalia juu. Akamuomba Mngu awapofue mato wote wanaotutazama, na asiwape wa kuwazika. Tukaitikia sote. Mimi nalia, naitikia kwa nguvu zangu zote." Akasukuma dumu mpaka kwangu, mara ya kwanza akaniangalia. "Nawe sema amin. Hukuwapo."

Niliushika mpini wa dumu. Maji yalikuwa ya moto kwa jua.

"Nimeshasema," nikamwambia.

Alidhani namaanisha sasa hivi, kimoyomoyo, akatikisa kichwa kukubali, akarudi kusawazisha mchanga kwa kiganja.